Volti Kumi na Mbili za Mama Mkwe

Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Hiyo ni heshima, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na pikapu ya mume wangu, ambayo haikuwaka bila kusukumwa.

Joram aliinunua mwaka 1951 kwa mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Ilitengenezwa mwaka 1938, nayo ilikuwa ya volti sita, ambazo asubuhi ya baridi zilitosha kuwasha taa moja tu. Hendeli yake, ile ya kuzungushia injini iwake, ilimvunja Joram mkono mwezi wa kwanza. Mkono ulipopona, akaichukua hendeli akaenda kuitupa Mto Mara. Nilimwambia angeiuza, akasema hawezi kumuuzia binadamu mwenzake kitu kama kile. Kuanzia hapo tukawa watu wa kusukuma: wawili nyuma, mmoja kwenye usukani.

Sisi tulikaa Morotonga. Mama yangu, Rhobi, alikaa Ringwani. Macho yake yalianza kufifia mwaka ule ule nilioolewa; mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Kufikia mwaka 1955 alikuwa anawatambua ng'ombe wake kwa kuwashika pembe. Hakuwa mtu wa kulalamika. Neno moja tu alilisema, tukiwa tunapukuchua mahindi.

"Nimetoa binti kwa mtu nisiyemjua sura."

Nikamkumbusha kwamba hata angekuwa anaona, desturi isingemruhusu kumtazama.

"Najua," akasema. "Lakini ningeiba kidogo."

Daktari wa macho alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, kwa wiki moja, katika hospitali ya misheni kule ziwani. Mwaka huo wa 1955 tulikwenda kumchukua mama siku ya mwisho ya ile wiki. Joram akazima gari uwanjani ili anywe maji. Kijiji kizima kilikuwa msibani. Nikasukuma peke yangu, gari halikutikisika. Mama akasikia ninavyohema, akapapasa mpaka nyuma ya gari, akaweka bega.

Joram akamwona kwenye kile kioo kidogo cha juu ya usukani. Mama mkwe anamsukuma mkwe, na mkwe amekaa kwenye kiti! Aliruka nje akakimbilia shamba la mtama, na alitoka humo saa kumi jioni. Daktari akaondoka zake, na mama akabaki na ng'ombe wake wa kushika pembe.

Nilikasirika siku nne. Siku ya tano Joram akasema atalifunga gari umeme mwingine, liwake lenyewe, mama asilazimike kugusa chuma.

Fundi alikuwa Nashoni wa Tarime. Alitengeneza malori ya jeshi kule Burma, akarudi na sanduku la spana na dharau kwa mafundi wengine wote. Alifungua boneti, akaangalia nyaya zilizotafunwa na panya.

"Omera, ndugu yangu," akamwambia Joram, "kwani hili gari mlikuwa mnalisukuma kutoka wapi?"

"Morotonga."

"Basi hongereni."

Kazi ilichukua siku tisa. Aling'oa nyaya zote akavuta mpya. Akaweka betri mbili za sita ndani ya sanduku la mbao chini ya kiti, akaunganisha chanya ya moja na hasi ya nyingine, zikawa kumi na mbili. Akabadilisha balbu, koili na dainamo. Honi aliiacha ile ile ya zamani, nayo kwa umeme huo mpya ikapata sauti iliyovunja mnada wa mbuzi wa jirani. Stata, mota ya kuwashia injini, pia aliiacha, kwa sababu nyingine haikupatikana.

"Stata hii ni ya sita, nimeipa kumi na mbili," alimwambia Joram mbele yangu. "Itafanya kazi, lakini kwa hasira. Kanyaga, injini ikiwaka achia. Usiichezee."

Joram akasema ameelewa. Namjua mume wangu anaposema ameelewa.

Mwaka 1956 tulimpeleka mama. Yeye alikaa nyuma juu ya magunia, chini ya turubai. Mimi na Joram mbele. Dirisha la nyuma ya vichwa vyetu lilikuwa halina kioo, kwa hiyo kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, na kila neno lilipitia kwangu.

Joram alizima gari Nata, ili aliwashe. Watu wakakusanyika, akakanyaga, likanguruma. Akazima tena Ikizu.

"Mwambie mama yako limewaka," akasema.

"Mwambie nimesikia," akasema mama.

"Amesikia," nikasema.

Daktari alimpasua jicho la kulia. Mama alilala wiki mbili bila kugeuza kichwa, kisha wakamvalisha miwani yenye kioo kinene. Akanitazama kwa muda mrefu. Miaka sita hakuwa ameniona.

"Umezeeka," akasema.

Nililia kwa furaha, wagonjwa wengine wakadhani nimefiwa. Daktari wa kudumu wa pale misheni akaniita pembeni. Kwa wiki sita mama asiiname, asinyanyue mzigo, asisukume kitu. Kidonda kile kikifumuka, jicho limekwenda, na la pili hakuahidi kwamba lingepona.

Joram alipokuja kutuchukua, mama alitoka hospitali amejifunika kanga usoni. Jicho lilikuwa limefunguka, na desturi pia ilikuwa nzima.

Tulipita Nata vizuri. Mbele kidogo, katikati ya mbuga, Joram akasimama kuongeza maji kwenye rejeta, akazima gari. Hakukuwa na mtu wa kuonyeshwa. Nadhani alikuwa amezoea tu. Aliporudi akakanyaga, stata ikalia mara moja, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, ikanyamaza. Akakanyaga mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne aliikanyaga taratibu, kama anayeomba radhi.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na ile ni nchi ya simba. Nyumbu kama mia tatu walikuwa wanatuangalia. Wasaidizi walikuwa wengi, ila nyumbu hasukumi.

Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Mama hawezi kusukuma. Mimi peke yangu siwezi. Tukisukuma mimi na Joram, kwenye usukani hakuna mtu.

"Mwambie mama yako akae mbele," akasema Joram, uso ameuelekeza kwa nyumbu.

"Mwambie siwezi kukaa kiti cha mkwe," akasema mama.

"Mwambie atandike kanga."

Mama akafikiri. Akatandika kanga. Joram akaweka gia ya pili, akashuka upande wa pili, akamfundisha akiwa amempa mgongo: mguu wa kushoto ukanyage klachi, ukisikia "achia", achia. Alionyesha kwa mguu wake kwenye nyasi, na nyumbu wakafuata somo. Mimi nilirudia kila neno.

Tukasukuma. Gari likaanza kutembea, likashika mwendo.

"Mwambie aachie!"

"Mama, achia!"

Gari likaruka, likanguruma, likaenda. Likaendelea kwenda. Ndipo nilipogundua kwamba kati ya mambo yote aliyofundishwa, kusimama hakukuwemo.

Nilikimbia nikipiga kelele, "Jicho! Mama, jicho!" Mwaka mzima wa kungoja, siku tisa za Nashoni, wiki mbili za kulala kama gogo, na sasa jicho la mama yangu linarukaruka mbugani. Honi ikalia. Nyumbu wakapisha. Mama akazungusha usukani taratibu, akapiga duara kubwa, akarudi kwetu amenyooka kabisa, kanga ya usoni imeanguka mabegani.

Joram akarukia ubao wa kukanyagia mlangoni, kichwa amekigeuza nje, akapenyeza mkono akashika usukani. Mama akajisogeza upande wa pili kumpisha aingie, naye akageuza kichwa nje. Kusimama hakukuwezekana, maana tungeanza upya. Nikarukia nyuma, juu ya magunia, na hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mume wangu na mama yangu walikaa kiti kimoja, kila mmoja akiangalia dirisha lake.

Nikachungulia kwenye lile dirisha lisilo na kioo.

"Mama, jicho?"

"Linaona."

Nilishika ukingo wa dirisha nikalia tena, safari hii kimya kimya. Kwa maili tatu hakuna aliyeniambia nimwambie mwenzake kitu. Kisha mama akasema:

"Nyangi, mwambie mume wako amekonda. Na hilo kovu chini ya jicho alilipata wapi?"

Joram akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Mama," nikasema, "umemwangalia?"

"Sijamwangalia mtu. Mlipokuwa mnasukuma, mimi nilikuwa naangalia kioo cha juu ya usukani."

Desturi inakataza uso kwa uso. Kuhusu kioo haikuwahi kusema chochote, kwa sababu walioiweka hawakuwa na pikapu. Nilingoja Joram aone aibu, asimamishe gari, akimbilie porini kama alivyokimbilia mtama mwaka uliopita. Nyasi zilikuwa ndefu za kutosha.

Hakusimama. Aliendelea kuangalia njia. Baada ya muda akanyoosha mkono, akakigeuza kile kioo kidogo, kidogo tu, upande wa mama.