Kiti cha Namba Kumi na Tisa

Binamu yangu Dacosta ana ugonjwa mmoja tu: sifa. Ukimsifia shati, analivua akupe. Kwa hiyo Bibi Undine alipotangaza, tukiwa tunakula makaroni ya Jumapili, kwamba namba ya marehemu babu sasa itapewa mjukuu, mimi nilijua pa kumshikia huyu.

Namba kumi na tisa si mchezo kwetu. Babu alishinda nayo rali Barbados nzima, na mlango wa gari lake bado umetundikwa sebuleni kwa Bibi, karibu na picha ya Yesu. Naitaka tangu nikiwa mtoto. Naitaka, basi, sina haya.

“Nendeni mkanunue magari ya mtumba,” Bibi alisema. “Siku ya mazoezi pale uwanja wa mbio wa Bushy Park, atakayenifurahisha ndiye mwenye namba.”

Tulinunua aina moja, kigari cha Kijapani cha viti viwili, kisicho na paa. Dacosta alikimbilia jekundu linalong'aa. Mimi nilijilaza chini na tochi, maana kwenye kisiwa hiki chumvi inakula chuma kimyakimya, nikachagua lililopauka rangi lakini tumbo lake safi. Lile la Dacosta chini lilikuwa limeoza. Wiki nzima alichomelea huku mimi nafunga pedi mpya za breki, springi ngumu na matairi yenye kushika lami.

Alipomaliza kuchomelea, akaingiwa na wazimu wa uzito. Akatoa redio, kapeti, kiyoyozi. Siku moja akaja kwangu akanikuta nimekaa jikoni juu ya kiti cha abiria cha gari langu, nakula mkate wa samaki. Nilikuwa nimekifungua nifagie mchanga chini yake, basi. Lakini yeye macho yakamtoka.

“Sherrol! Hata kiti umetoa?”

“We unaonaje?”

“Kwani ni kizito hicho?”

“Sasa dereva mwenye mkono kama wako, Dacosta, abebe kiti kitupu cha nini?”

Kilemba cha ukoka kikamkaa sawasawa. Kesho yake kiti chake kilikuwa kwa kinyozi wa Oistins, na wateja wanakigombania. Mimi changu nikakirudisha garini, nikakaza bolti zake. Nilikumbuka jambo alilolisahau yeye: Bibi ndiye aliyekuwa msoma ramani wa babu, na hajawahi hata siku moja kutazama mbio akiwa jukwaani.

Siku ikafika. Bibi akashuka kwenye teksi na helmeti yake ya zamani kichwani, mkoba mkononi.

“Naanza na Dacosta.”

Dacosta akafungua mlango. Ndani, upande wa abiria, bati tupu.

“Nikae wapi, mwanangu? Kwenye bolti?”

Watu wakacheka mpaka fundi mmoja akaangusha spana. Dacosta akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

Basi nikampakia Bibi. Jamani, niliendesha! Kila kona niliikata kwa adabu, breki mapema, gia bila kelele. Bibi alikaa tu, mkoba mapajani. Tuliposimama akashuka, akapangusa sketi.

“Safi. Umeendesha kama unapeleka mayai kanisani. Hicho kiti kinafunguka?”

“Kinafunguka, Bibi, bolti nne tu. Kwa nini?”

“Kifungue. Mpe mwenzio.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikapiga magoti na spana, jasho linanitiririka, Dacosta kachuchumaa kando.

“Binamu, si kilikuwa jikoni kwako hiki?”

“Nyamaza, shika huo mwisho.”

Mikanda angalau hakuwa ameitoa. Wakaondoka. Lile jekundu lilikuwa jepesi kweli, na Dacosta hana breki kichwani, lakini nilichosikia kupita injini ni sauti ya Bibi.

“Bado! Bado! Breki sasa! Kushoto, punguani wewe, kushoto!”

Bibi yangu, ambaye kanisani huomba kwa kunong'ona! Walirudi gari linafuka moshi wa matairi, helmeti ya Bibi imekaa upande, anacheka mpaka machozi.

“Namba ni ya Dacosta,” akasema.

Nililia. Sikujificha popote, nilisimama palepale kwenye lami nikalia, na spana yangu mkononi.

“Sasa unalilia nini? Kile kiti cha nani?”

“Changu.”

“Si ukakikalie! Huyu asipokuwa na mtu wa kumfokea atatupeleka kwenye miwa. Babu yako alikuwa hivihivi. Unadhani mataji yale alishinda peke yake?” Akanivulia helmeti yake, akanivika, akaikaza mpaka kidevu kikauma. “Na wewe ulimi unao. Si ndio uliomfanya atoe kiti?”

Kumbe ile ya jikoni aliisikia.

Sasa kumi na tisa iko kwenye mlango mwekundu, na rali ya kwanza ni mwezi ujao. Juzi tunatoka mazoezini, Dacosta anajisifu hajapata kutokea dereva kama yeye, nikasema, “Kushoto.” Akakata bila kuuliza. Tukaishia kwa muuza samaki wa kukaanga, na nikamwambia Dacosta anilipie wawili.