Majivu ya Mutambo

Mwaka wa hamsini na sita, pale Baraka, sisi bamama ndio tulisafisha vyombo vya fanfare, ile bendi ya matarumbeta ya misioni. Kila Jumamosi niliisugua tarumbeta ya mume wangu Mutambo kwa limau na majivu laini yaliyochujwa kwa kitambaa, nikapitisha maji ya vuguvugu ndani, kisha nikaipanguza mpaka ing'ae.

Asubuhi ya Pasaka, kabla ya misa, pistoni, vile vibonyezo vya tarumbeta, zikakwama. Mutambo akamwambia mwalimu Fabien, mkubwa wa fanfare, bila hata kunitazama, "Ni muke wangu. Anajazaka majivu ndani."

Watu wote wakageuka. Mwalimu akasema, "Mama Constance, usiguse tena chombo cha misioni."

Mimi, niliyeosha chombo kile mara nyingi kuliko nilivyoogesha batoto! Nikaichukua tarumbeta, nikachomoa pistoni moja, nikaigonga kwenye kiganja cha mwalimu. Halikutoka jivu. Ilitoka bukari, ugali wetu, iliyotafunwa, bado laini, na jicho la ndagala, samaki wadogo wa ziwani.

Enzi zile hakuna aliyekula asubuhi kabla ya kupokea komunyo.

"Baba Constance," nikamwuliza Mutambo, "haya ndiyo majivu yangu? Mi nakuambiaka kila siku, nawa kinywa kwanza. Na leo umekula saa ngapi?"

Bamama wakacheka mpaka padri akachungulia mlangoni. Mwalimu akaniomba radhi, akasema niendelee na kazi. Nikakataa.

Tulipopanga mstari wa komunyo, Mutambo alibaki kwenye benchi. Jumamosi iliyofuata nilimpa limau na majivu, akasugua mwenyewe.