Ghorofa ya Kabatini

Jumatatu saa mbili asubuhi, Risper alikuwa wa tatu kwenye foleni ya ofisi ya kupitisha ramani za majengo, akiwa na jiko la makaa, sufuria mbili na godoro lililofungwa kwa kamba. Nyuma yake mumewe, Osewe, alikuwa amejitwika meza na mbao za kitanda. Watu waliwapisha kidogo kwa sababu ya masizi, kisha wakarudi kwenye simu zao.

Ramani yao ilikuwa na miezi kumi na minne pale ofisini. Ilikuwa ya nyumba ya ghorofa moja, ya kujengwa kwenye kiploti chao cha Kawangware, walichokipata kwa kuuza omena na kupiga randa. Ijumaa iliyotangulia, chumba walichokuwa wamepanga kule Silanga, Kibera, karibu na bwawa, kilikuwa kimebomolewa pamoja na vingine vyote vilivyopakwa alama ya X. Kujenga kabla ramani haijapita kungekuwa kujitafutia X nyingine. Risper aliwaza wikendi nzima, akaona kwamba nyumba anayo, ila imo ndani ya faili.

Karani wa kaunta, Thuo, mwanamume mwembamba asiyevua sweta hata kwenye jua, alitoa faili kabatini na kuikunjua ramani.

"Mama, bado. System iko down, na mkubwa hajarudi."

"Najua haijapita. Nimekuja kuhamia."

Thuo aliitazama foleni. "Basi ingieni haraka, kuna watu wanangoja."

Risper alivua viatu, akainua mguu, akaingia ndani ya ramani kupitia sebuleni. Milango ilifunguka hadi pale ilipochorwa, haikuzidi hata kidole kimoja, kwa hiyo meza ilibidi ilazwe ubavu. Thuo aliikunja ramani polepole asiwabane, akalirudisha faili kabatini.

Waliifurahia nyumba ile, hakuna haja ya kuficha. Sakafu haikuingia maji. Vipimo vilikuwa vimeandikwa kwenye kila ukuta, Osewe akaunganisha kitanda bila kutafuta futi. Tatizo lilikuwa jikoni. Mchoraji wao, Walubengo, alikuwa amechora upande ule akitazama mpira, akasahau dirisha. Risper alipokaanga omena, moshi ulitokea kwenye tundu la ufunguo la kabati. Kufikia Jumatano harufu ilikuwa imepanda hadi ghorofa ya tatu, na wafanyakazi walikuwa wakishuka saa saba na sahani zao.

Hapo ndipo faili, ambalo halikuwa limesogea miezi kumi na minne, lilianza kutembea. Kila ofisa alilitaka mezani pake kabla ya chakula cha mchana. Risper alijifunza kushika sufuria kila aliposikia mtu akisema, "Hebu nipatie hiyo faili." Ijumaa lilimfikia mkubwa mwenyewe. Alikula, akalamba vidole, akasoma ramani, akaona makosa mawili. La kwanza, jiko halina dirisha. La pili, sheria hairuhusu kupitisha ramani ya nyumba ambayo tayari ina watu. Aliandika kwa wino mwekundu: Waanze upya.

Risper alilia. Alilia kwa hasira, maana alikuwa ameshachagua upande wa kuanikia nguo Kawangware. Osewe alimshika bega.

Walubengo alikuja Jumatatu na penseli. "Pole sana, mathe. Hiyo dirisha ilinipita."

"Ichore. Na bora umeshika penseli, niwekee tanki la maji."

Dirisha lilipochorwa, upepo uliingia. Lilitazamana na mafaili mengine, na asubuhi iliyofuata mama mmoja wa kwenye faili la kijani alichungulia akaomba chumvi. Alikuwa ameishi pale miaka tisa. Walizoeana, na ikawa wakipika kwa zamu.

Faili lilipewa namba mpya na kurudishwa nyuma ya foleni. Kisha siku moja saa kumi na moja jioni, baada ya kaunta kufungwa, Thuo alibisha kwenye kabati. Alikuwa na begi na blanketi.

"Mama, hicho chumba cha juu kina mtu?"

"Hakina. Kwani umefukuzwa kwa nyumba?"

"Landlord ameuza. Na ramani yangu ya Riruta huu ni mwaka wa saba, haijapita."

"Si uhamie kwa hiyo yako?"

"Ilijaa. Kuna watu wa Kibera waliobomolewa, niliwaachia."

Risper alimhurumia kweli. "Imekwama kwa meza ya nani?"

"Yangu," alisema Thuo. "Nangoja niambiwe niipeleke."

Risper alisogeza jiko kando ili apite.

"Panda ngazi, mkono wa kushoto. Viatu acha hapo. Na usipige misumari kwa ukuta, karatasi itatoboka."