Keki Iliyokataa Kisu

Nyumbani kwetu hakuna anayeongeza mwaka bila kupewa keki yenye umbo la kitu anachokipenda kuliko vyote. Sheria hiyo niliitunga mimi na keki ninaoka mimi, kwa hiyo lawama nazo hazikosi anwani. Binti yetu, tunayemwita Wakili kwa sababu hajawahi kukubali jibu la kwanza, alipotimiza miaka saba nilimwokea paka. Wageni wakasifia kiazi. Wifi yangu ana saluni, yeye nikamtengenezea mashine ya kukaushia nywele. Jirani aliyefungua mlango na kuikuta imemwelekea aliinua mikono yote miwili juu. Mume wangu ni fundi wa vigae. Nilimtengenezea mwiko wake wa kazi, na kusema haki ule ulifanana, mpaka akauonea huruma kuukata.

Zote hizo zililiwa zikaisha. Hata mama mkwe wangu alikula. Alikuwa anamaliza kipande chake, anapangusa mdomo, kisha anasema, "Kwangu tulikuwa tunaoka kwa mkaa." Basi, hapo ndipo mwisho wa shukrani.

Mama alihamia kwetu miaka mitatu iliyopita, nyumba yake ilipobomolewa ili barabara ipanuliwe. Alikuja na masanduku mawili, kiti kimoja, na neno "kwangu". Kwangu chai haikuwa nyepesi hivi. Kwangu mlango ulikuwa wa bluu, mgeni hapotei. Kwangu jua la asubuhi lilikuwa linaingia dirisha la jikoni, mtu hawashi taa mchana. Mimi ni karani wa mapokezi kliniki. Kutwa nzima nawachekea watu waliopoteza kadi zao na wanaosema nimezipoteza mimi, kwa hiyo nikifika nyumbani subira yangu imebaki ya kupimia kwa kijiko. Neno lile lilikuwa linanichoma. Lakini mkwe hajibiwi, nami nililelewa, nikawa nanyamaza na kusugua sufuria kwa nguvu zaidi. Nilichokitaka ni kidogo sana: siku moja aseme neno zuri juu ya kitu kilichotoka mikononi mwangu. Moja tu. La pili ningemsamehe.

Akawa anatimiza miaka sabini. Wiki moja kabla, nikauliza mezani tumwokee nini.

"Kiti," alisema mume wangu. "Anakipenda kiti chake."

"Bibi anapenda kwake," alisema Wakili bila kuinua macho kwenye sahani.

Tukaangaliana. Usiku huohuo nilichukua karatasi ya kalenda ya zamani, nikaandika nyuma yake kila kitu ambacho neno "kwangu" lilikuwa limeniletea kwa miaka mitatu. Paa jekundu. Mlango wa bluu. Ngazi tatu, si nne. Dirisha la jikoni upande wa kushoto. Nilishangaa: nyumba ile niliingia mara chache tu, lakini naweza kuitembea gizani nisijikwae. Kulikuwa pia na ufa juu ya mlango. Marehemu baba mkwe aliahidi kuuziba kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi Mama alikuwa anamwambia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," naye anajibu, "Kesho, mke wangu." Ufa nikauacha. Mtu hapelekewi ubovu siku yake ya kuzaliwa.

Wifi alinipigia simu. "Wifi yangu, mwaka huu tuagize dukani. Miaka sabini si mchezo. Mama asije akaletewa kiazi."

Damu ikanipanda. "Mama asiposema neno zuri juu ya keki hii," nikamwambia, "trei zangu zote za kuokea njoo uzichukue, uoteshee vitunguu."

"Naanza kutafuta miche," akasema, akakata simu.

Kwa hiyo mnaona nilivyojiweka. Na kuna jambo jingine. Kwenye keki ya mwiko, Mama aliniona nikionja onja, akasema pembeni, lakini pembeni ya kusikika, "Anayeonja sana hushiba kabla ya wageni." Nikaapa kwamba keki hii sitaionja hata kwa ncha ya ulimi, wala asiionje mtu. Wakili akauliza kama kulamba kijiko ni kuonja. Nikamwambia ni kuonja.

Siku yenyewe Wifi alimchukua Mama asubuhi kwenda kumsuka nywele, nikabaki na jiko langu. Nilioka vipande vinne vikubwa, nikavipanga kwa krimu, nikachonga kuta kwa kisu cha mkate. Paa nililipatia mara ya kwanza. Kisha nikaanza kupaka nje kwa sukari ya unga iliyopigwa na ute wa yai na ndimu. Kopo la kwanza lilitosha ukuta wa nyuma tu. Nikanyoosha mkono rafuni kuchukua la pili.

Hapa lazima niseme habari za makopo yetu. Nyumba yetu haitupi kopo. Kopo la biskuti lina sindano na uzi, la siagi lina misumari, na biskuti zenyewe ziko kwenye sufuria yenye mfuniko. Sisi hatupotei. Sukari ya unga hukaa kwenye makopo ya maziwa ya unga. Sasa wiki ile stoo ya mume wangu ilivuja, akaokoa saruji yake nyeupe, ile laini anayozibia nafasi kati ya kigae na kigae, akaimimina kwenye kopo tupu la maziwa, akaliweka rafuni kwangu. Anasema aliniambia. Namwamini, maana nakumbuka mashine ya kupigia mayai ilikuwa inanguruma, nikaona midomo yake inacheza, nikajibu, "Sawa."

Mchanganyiko wa pili ulikuwa na kiu isiyo ya kawaida, nikaongeza maji. Baada ya hapo, jamani, sijawahi kupaka kitu kizuri namna ile! Haukuchuruzika, haukuvimba, ulikaa pale nilipouweka. Nikanyoosha kuta, nikalisiliba paa na kulibandika biskuti nyekundu, nikachomeka mlango wa bluu, nikajenga ngazi tatu zenye kona kali. Nilikuwa naimba.

Wakili alileta pua mlangoni. "Mama, mbona inanuka kama bafu jipya?"

"Toka," nikamwambia. "Hapa si mahakamani."

Mume wangu alirudi alasiri. Akasimama, akafumba jicho moja kama anavyofanya kazini akipima ukuta, akaipima keki yangu kutoka juu hadi chini. "Mama Wakili," akasema polepole, "huu ukuta umeunyoosha wewe?" Miaka kumi na miwili ya ndoa, hajawahi kuniangalia vile. Akasogea, akagonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Uso ukambadilika. Akatazama rafu, akanitazama mimi.

"Sukari umeitoa kopo gani?"

Sijajibu, sauti ya Wifi ikaingia, na nyuma yake Mama, nywele mpya, kichwa juu. Mume wangu akameza maneno yake. Ni mwanaume anayeogopa wanawake watatu, mmoja mmoja, na sasa wote tulikuwa chumba kimoja. Nikamkabidhi mishumaa saba. Alijaribu kuuchomeka mmoja paani, ukavunjika. Akaipanga yote chini kwenye ubao wa keki, upesi upesi, akasema siku hizi ndio mtindo.

Tukaimba. Nikaondoa kitambaa nilichoifunikia keki tulipoileta mezani.

Mama alitazama tu, midomo ikamtikisika kidogo, nami nikajisogeza nisije nikalikosa neno langu. Wifi, ambaye hajui kusubiri, akamwekea kisu mkononi. Mama akakiweka paani, akakandamiza. Kisu kikateleza. Akakandamiza kwa mikono miwili. Biskuti moja iliruka, paa likabaki pale pale.

"Lete nikusaidie," akasema Wifi. Akaegemeza uzito wake wote, na yeye si mtu wa uzito mdogo. Kisu kikapinda. Akakiangalia kisu, akaniangalia mimi, kisha akashika meza kwa kicheko. "Wifi! Hii umeoka au umejenga?"

"Ni saruji," akasema mume wangu kwa sauti ya mtu anayekiri mauaji. Halafu akaruka. "Nani amelamba? Semeni, nani amelamba?"

"Hakuna," akasema Wakili. "Tulikatazwa. Nilikata rufaa nikashindwa."

"Saruji gani?" nikauliza, ingawa tayari nilikuwa nimejua.

"Ya kwenye kopo. Nilikuambia."

"Uliniambia lini?"

"Ukasema sawa!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wifi alikuwa anafuta machozi ya kicheko, mume wangu ananyooshea kidole mashine ya mayai, na mimi, mtu mzima mwenye kazi yake, nilikuwa nalia. Nililia kwa aibu na kwa hasira. Wiki nzima ya kazi na miaka mitatu ya kunyamaza imeishia kwenye kisu kilichopinda. Nikaushika ubao kwa mikono miwili nikaitupe jalalani. Ilikuwa nzito ajabu.

"Weka chini," akasema Mama.

Nikaweka. Akatoa miwani yake, akaivaa, akainama. Kidole chake kikapanda ngazi: moja, mbili, tatu. Kikagusa mlango. Kikaenda dirisha la kushoto, kikatulia hapo kidogo, kikarudi. Halafu kikapanda juu ya mlango na kusimama.

Nikaangalia kilichomsimamisha. Pale juu ya mlango, kutoka kwenye kona mpaka chini ya paa, palikuwa na mstari mwembamba uliopinda. Saruji ilikuwa inakauka juu ya keki laini, ikapasuka yenyewe.

"Hata ufa," akasema Mama. "Umeukumbuka hata ufa."

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Mume wangu akanikanyaga mguu. Nikafunga mdomo, na Mungu ndiye anayejua mioyo.

"Miaka kumi na tisa nimemsema yule mzee kwa ufa huu," Mama akaendelea, kidole bado kipo pale pale. "Kila asubuhi, kabla hajanywa hata chai. Siku tingatinga lilipokuja nilisimama ng'ambo ya barabara. Ukuta ulianza kuanguka hapahapa, kwenye ufa. Nikasema, kumbe ungekuwepo au usingekuwepo, yote yangekwenda. Ningemwacha mtu wa watu anywe chai yake kwa amani." Akacheka. Kicheko kikamgeukia njiani, akavua miwani na kujifuta kwa mtandio.

Mume wangu, ambaye akiona ufa mkono humwasha, akashindwa kujizuia. "Mama, nikuzibie? Saruji imebaki kidogo kwenye kopo."

"Uguse uone," akasema Mama.

Jioni ile tulisherehekea miaka sabini kwa mkate uliopakwa krimu iliyobaki, na Wakili akapewa ruhusa ya kulamba kijiko. Kesho yake mume wangu aliigeuza ile nyumba ya saruji juu chini, akaikomba keki yote ya ndani kwa mwiko wake mpaka likabaki gamba tupu, akatoboa madirisha vizuri. Tukaiweka chumbani kwa Mama, juu ya kabati, mahali jua la asubuhi linapofika.

Tangu hapo neno "kwangu" limepungua. Siku hizi anasema tu, "Chai hii nyepesi." Na kusema ukweli ni nyepesi, nimeanza kuongeza majani. Lakini ile ahadi ilikuwa bado inaniwasha. Alilia, alicheka, kila siku anapangusa vumbi kwenye ngazi zile tatu, ila neno zuri juu ya keki, neno lenyewe hasa, hakuwa amelisema. Na mwenye kumbukumbu ya hilo hakuwa mimi peke yangu. Mwezi mmoja baadaye Wifi alitutembelea akiwa na mche wa kitunguu uliofungwa kwenye karatasi.

"Trei ziko wapi?" akaniuliza, meno yote nje. "Tulikubaliana." Kisha akamgeukia Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake anakunywa chai. "Mama, mwakani tunaagiza dukani. Nitakuletea keki nzuri, laini, inayolika."

Mama hakuinua kichwa. Alipuliza chai yake, akanywa funda moja, akaliteremsha taratibu.

"Ya dukani ingekuwa imeshaliwa," akasema.

Wifi akangoja kama kuna nyongeza. Na mimi nikangoja, sahani mkononi.

"Hizo trei zitoe moyoni mwako," Mama akamwambia. "Mwakani mke wa mwanangu ataniokea kiti. Na kiwe cha kulika, nina hamu."

Nikaingia jikoni haraka ili wasinione uso. Ule mche nimeupanda nyuma ya nyumba, kwenye kopo la maziwa, na juu ya kopo nimeandika kwa herufi kubwa: KITUNGUU.