Zamu ya Maji ya Rogathe

Asubuhi ya Sabato milimani ni kimya. Majembe yameegeshwa, mawe ya kusagia yamelala, hata mbwa wanaonekana kujua siku. Ndiyo maana Kaanaeli aliisikia ile sauti kabla hajafika nyuma ya nyumba: chwa, chwa, chwa, kama watoto wengi wananyonya kwa pamoja.

Alipofika ukingoni mwa bwawa la samaki alishika kichwa. Perege wote walikuwa juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Maji ya bwawa lake, ambayo kiangazi kilikuwa kimeshayafanya ya kijani, yalikuwa yamegeuka rangi ya ugoro. Povu lilitanda kando kando. Na harufu yake, jamani, ilikuwa harufu ya kilabu cha pombe, nyuma ya nyumba ya mwanamke ambaye hajawahi kuonja pombe tangu abatizwe. Perege mkubwa kuliko wote alikuwa amelala ubavu, sharubu za povu mdomoni.

"Mungu wangu," alisema Kaanaeli kwa sauti. "Si leo. Na wala si hawa."

Bwawa lile lilichimbwa na marehemu mumewe, miaka ile Waingereza walipokuwa wakihimiza kila mwenye maji kijijini afuge samaki. Bwana Shamba alileta vifaranga vya perege ndani ya debe, watu wakacheka: Mpare na samaki wapi na wapi? Wacheke wasicheke, sasa bwawa lile ndilo lililomshikilia Justa duniani.

Justa alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake Lea, na Lea alikuwa kaburini. Mtoto alianza kuvimba miguu, kisha uso. Nywele zikapauka, zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi. Hakulia, hakucheka. Ukimbonyeza mguu kwa dole gumba, shimo lilibaki palepale, kama umebonyeza unga uliokandwa. Watu walisema mengi, kama kawaida yao. Kaanaeli akambeba mgongoni, akateremka naye mpaka barabarani Makanya, akapanda lori hadi Same, na mganga wa zahanati akamwambia, "Bibi, huyu hakurogwa. Amekosa chakula cha kujenga mwili. Maziwa, mayai, samaki. Kila siku, usiruke."

Ng'ombe alikuwa amekufa kwa ukame. Kuku walimalizwa na kideri. Wakabaki perege. Kila siku Kaanaeli alivua mmoja, akamchemsha, akamchambua miba kwa vidole vyake mwenyewe, akamlisha mtoto kidogo kidogo huku akiomba. Na uvimbe ukaanza kushuka. Juzi tu mbuzi alipiga chafya uani, Justa akacheka. Kicheko cha kwanza tangu mama yake afe. Kaanaeli aliingia jikoni akalia mpaka akashika nguzo.

Sasa tazama alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Ijumaa jirani yake, Rogathe, alikuwa amemwaga machicha ya dengelua nyuma ya migomba yake. Dengelua ni pombe ya miwa, na Mpare haozi binti bila dengelua. Rogathe alikuwa anamwoza binti yake Ruthi. Kaanaeli aliyaona yale machicha, akawafikiria samaki wake. Makombo wanakula, pumba wanakula, kwa nini wasile machicha wakanenepa upesi, Justa akapona upesi? Samaki hawajabatizwa. Aliyazoa kwa tenga, akificha uso kwa kanga. Nia yake ilikuwa kuwapa kidogo kidogo, konzi leo, konzi kesho. Lakini jua lilikuwa linazama, Sabato inaingia, na siku ya Sabato yeye halishi mfugo wowote. Basi akamwaga tenga zima bwawani, akanawa mikono, akaingia ndani kuimba wimbo wa jioni. Haraka haraka haina baraka, hata kama ni haraka ya kuiwahi siku ya Bwana.

Kilichotakiwa sasa kilikuwa maji mapya, na maji yalikuwa kwenye ndiva, bwawa la ukoo lililoko juu ya mashamba, linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Zamu ya Kaanaeli ilikuwa imeshapita. Akiingoja irudi, hatakuta samaki bali mbolea. Zamu ya leo ilikuwa ya Rogathe, kwa kuwa ndiva haina Sabato.

Rogathe yuleyule. Kaanaeli ndiye aliyesimama kanisani, mbele ya wazee na wanawake wote, akasema chungu cha Rogathe kinanuka dhambi mpaka uani kwake. Rogathe alitengwa, akapelekwa benchi la nyuma. Tangu siku hiyo hawakupeana hata moto.

Kaanaeli alimchungulia Justa aliyelala, akamwomba mke wa jirani wa chini amwangalie, akapanda njia ya ndiva karibu akimbie.

Alimkuta Rogathe na jembe begani. Kando yake alisimama Mzee Melkizedeki, mlinzi wa ndiva, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mama Lea!" alisema Rogathe. "Leo umepotea njia? Kanisa liko kule."

"Mama Ruthi, samaki wangu wanakufa. Naomba maji."

"Samaki." Rogathe aliteremsha jembe. "Maharage yangu haya yanatoa maua. Yakikosa maji leo, maua yote chini. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Wamekula nini?"

Kaanaeli alitazama bonde. Mbali kule tambarare moshi wa treni ulikuwa unapanda, na alitamani angekuwa ndani yake, aende popote.

"Machicha," alisema.

"Machicha gani?"

"Yako."

Mzee Melkizedeki alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani. Rogathe hakucheka hata kidogo. "Ulichukua yote?"

"Yote. Niliyamwaga kwa mara moja. Sabato ilikuwa inaingia."

"Ungeniomba, Mama Lea."

"Ningekuombaje, na mimi ndiye..."

"Malizia. Wewe ndiye nani?"

"Mimi ndiye niliyekusema. Nitukane, una haki. Lakini utakapomaliza nipe maji. Sikuja kwa ajili yangu. Nimekuja kwa ajili ya Justa. Samaki wale ndio miguu yake."

Rogathe aliyatazama maharage yake, mstari kwa mstari, maua meupe yamefunguka. Kila dakika Kaanaeli aliiona kama perege mmoja analala ubavu.

"Mzee," alisema Rogathe mwishowe, "zamu yangu nampa huyu. Sababu ni mtoto wa Lea. Lea alisuka nywele za Ruthi wangu tangu utotoni."

"Nimesikia," alisema Melkizedeki. "Basi azibue mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ndiva ile: anayetoa zamu hutaja sababu, anayepokea huzibua kwa mkono wake, kesho mtu asije akasema maji yameibwa. Kaanaeli aliijua. Hakuwa ameifikiria. Kuzibua ndiva ni kazi, kazi ya matope na jasho, na njia ya kanisani inapita palepale chini ya ukuta.

Na walikuwa wanakuja. Aliwaona wakipinda kona, kanzu na vitambaa vyeupe, Biblia mikononi, mbele yao Reginald, mzee wa kanisa, anayetembea kama aliyekabidhiwa funguo za mbinguni. Angeweza kusubiri wapite. Angejificha nyuma ya mgomba kidogo tu. Lakini kidogo hicho ndicho hakuwa nacho.

Akafunga kanga kiunoni akaingia kwenye matope hadi magotini.

"Mama Lea?" Reginald alisimama, na nyuma yake wote wakasimama. "Mama Lea, leo ni siku gani?"

Kaanaeli alikuwa na jibu. Andiko la ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato alilijua kwa moyo, angeweza kumrushia pale pale. Lakini Rogathe alikuwa ukingoni anamtazama, na Kaanaeli akakumbuka kwamba siku ile kanisani hakumtafutia Rogathe andiko lolote la kumwokoa.

"Ni Sabato, Mzee Reginald," alisema. "Mkifika, mniombee."

Akashika gogo la kuzibia kwa mikono miwili, akavuta. Halikutoka. Akavuta tena, akiguna, utosi ukimchoma kwa macho ya watu. Gogo likachomoka, maji yakaruka, akaanguka kitako mbele ya kanisa zima. Hakuna aliyecheka. Aliinuka, akakimbia na maji mferejini.

Bwawani hali ilikuwa mbaya zaidi. Sauti ya chwa chwa ilikuwa imepungua, na perege wanne walielea matumbo juu. Kaanaeli alichukua tenga akaingia kuzoa machicha.

"Usikoroge!" Ilikuwa sauti ya Rogathe, alikuwa amemfuata. "Toka humo, utawamaliza! Pipa la dengelua likichachuka, ingiza kijinga cha moto ndani, kitazimika. Mle hamna pumzi. Na humu hamna pumzi, hasa chini. Maji ya chini yatoke kwanza. Umewahi kuweka tundu la chini?"

"Lipo. Marehemu aliliweka, la mwanzi."

"Zibua. Taratibu, tusiwakaushe."

Kaanaeli alizibua, na maji meusi yenye uvundo yakaanza kutoka kuelekea migombani. Rogathe alikuwa ameshakata gome la mgomba, akalifanya mchirizi, akaliinua juu ya mawe ili maji ya mferejini yasiingie kwa kuteleza bali yaanguke kutoka juu, yapige, yatoe mapovu meupe. Kisha wakangoja. Kusimama tu kulimtesa Kaanaeli kuliko kazi yote.

Perege walianza kusogea chini ya maji yanayoanguka, mmoja, kisha kundi. Halafu mara moja, ukiacha wale wanne waliokufa, uso wa bwawa ukawa mtupu. Hakuna mdomo. Hakuna sauti.

"Wamekufa," alisema Kaanaeli. "Mama Ruthi, nimemuua mjukuu wangu."

"Nyamaza. Aliyekufa huelea." Rogathe alimshika bega, akamgeuza atazame. "Hawa wameshuka wenyewe. Wamepata pumzi, mwanamke wewe, wanataka nini juu?"

Chini, kwenye maji yaliyoanza kung'aa, vivuli vilipita. Wakubwa wanne walikuwa wameelea, wadogo walipona. Kaanaeli alilia kwa sauti mchana kweupe, na Rogathe akamwacha alie, akaendelea kuokota machicha yaliyosogea kingoni.

Maua ya maharage ya Rogathe yalianguka wiki ile. Kaanaeli aliyaona kila alipopita, na kila alipopita aliumia.

Sabato iliyofuata aliingia kanisani na Justa mgongoni. Reginald aliinuka, uso wa hukumu tayari, lakini Kaanaeli hakumpa kazi hiyo. Alipita kiti chake cha mbele bila kukitazama, akageuka, akaenda mwenyewe benchi la nyuma. Rogathe alisogea akampa nafasi. Wakakaa hapo, Sabato baada ya Sabato, wakitumia kitabu kimoja cha nyimbo, Rogathe akiimba nje ya sauti kama kawaida yake.

Vuli ilipoanza kunyesha, Justa aliingia kanisani kwa miguu yake. Alifika benchi la nyuma, akapanda juu ya mapaja ya Rogathe bila kuomba ruhusa, akanyoosha miguu. Mchungaji alikuwa anasoma. Rogathe aliushika ule mguu mdogo, akaweka dole gumba juu ya kifundo, akabonyeza kwa nguvu, akaachia.

Nyama ilirudi palepale.

Alimgeukia Kaanaeli, macho yamejaa. Kaanaeli alichukua kile kidole gumba, kidole cha mwanamke wa dengelua, akakishika katikati ya mkono wake mpaka ibada ikaisha.