Tempe za Hitima ya Profesa Wuryani

Shangazi yangu Profesa Wuryani alijulikana hadi nchi ambazo siwezi kuzitaja bila kujiuma ulimi, na kilichompa jina ni ukungu. Nasema ule ukungu mweupe unaozishika soya zilizochemshwa zikawa tempe, kitu kimoja cha kukatwa kwa kisu. Sisi tunakula tempe tangu tunaota meno, lakini yeye ndiye aliyeuliza inakuwaje.

Alitoka kijijini akiwa msichana, akapelekwa kwa mjomba wake mjini Yogyakarta, akasoma. Chuoni alikuwa mwanamke peke yake darasani. Wenzake walimwita Mama Tempe, na mwalimu wao alimpa chupa za kuosha muda mrefu kabla ya kumpa ruhusa ya kuzitumia. Akaziosha. Baadaye akapata ukungu usiokufa kwa joto la njiani, akawa anapanda nao mabasi, ameutia ndani ya vipande vya mianzi, akiwagawia kina mama wa masokoni bure. Kampuni moja ilitaka kuununua, akakataa. Alisema aliuokota kwenye jani, na jani halikumdai kitu. Hakuolewa, na hapa kijijini hilo lilijadiliwa kuliko ukungu wote aliopata kuugundua. Alipofariki, chuo kiliipa maabara jina lake, na kijiji kikamchora ukutani pale njia panda, pua wakaizidisha.

Jiko la tempe la nyumbani kwao aliliendesha mdogo wake, Shangazi Kasinah. Tulifanya kazi humo mimi na Ratmi, mke wa Prayit, mtoto wa Kasinah. Na jiko hilo lilikuwa na sheria kama majiko yote ya huku: mwanamke akiwa katika siku zake haingii, akiingia tempe zinaoza. Nyumba imemzaa profesa wa tempe, na sheria ile ile! Nilikuwa nikilisema hilo nikijibiwa, "Minten, sukuma kuni."

Basi ikafika wiki ya hitima ya siku ya elfu, ile ya mwisho, tunayomsomea maiti ndipo tunamwacha apumzike. Wakubwa wa chuo walikuwa waje Alhamisi. Shangazi Kasinah akasema tempe za dada yake hazitakuwa kama za sokoni. Akatoa sandukuni batiki zake za harusini, akavifunika vichanja vya tempe nguo juu ya nguo, akafunga na madirisha, ili majirani wanaokuja kusaidia wasizitupie jicho.

Jumatatu asubuhi tulipofunua, zilikuwa nyeusi, zinateleza, zinanuka kama choo cha stendi.

"Nani ameingia humu akiwa mwezini?" Shangazi Kasinah akauliza.

Ratmi hajui kusema uongo, na huo ndio ugonjwa wake mkubwa. "Mimi, mama. Dada Minten alikuwa na homa, na soya zilikuwa zimeshachemka. Ningezimwaga?"

"Bora ungezimwaga! Hitima ya dada yangu! Profesa wa watu!"

"Nilinawa, mama."

"Hilo halitoki kwa maji." Akamgeukia mwanawe aliyekuwa mlangoni. "Prayit, kesho mpeleke mkeo kwao. Akae huko mpaka nitakapomwita. Tiwi atabaki hapa."

Tiwi ni binti yao, hata kutembea hakujakaza. Na hakuna asiyejua maana ya kukaa kwenu mpaka uitwe: huitwi. Ratmi akashika ukingo wa meza. Prayit akaangalia miguu yake.

"Vidole vyako havijapotea, Prayit, usivihesabu," nikamwambia. "Sema neno!"

"Mama ameshasema, dada."

Nilipandwa na hasira hata homa yenyewe nikaisahau. Mimi niliishi na Profesa miaka yake ya mwisho, nikimpikia. Kila ugomvi, hata wa chumvi, alikuwa na jibu moja tu: tengeneza mbili, badilisha kitu kimoja. Siku zile niliona ni kero ya mtu mzima asiyekuwa na watoto wa kuwasumbua. Jumatatu ile likanitoka mdomoni lenyewe.

"Shangazi, soya za tempe za sokoni zimeshachemshwa. Tutengeneze nyingine leo leo. Wewe funga zako, Ratmi afunge zake. Tuweke vichanja viwili, kila kimoja kiwe na zako na zake. Kimoja tukifunike batiki kama ulivyofanya, kingine tukiache wazi, dirisha lake tulifungue."

"Aingie tena humu? Na hali yake ile ile?"

"Kama kosa ni lake, zake zitaoza kote na zako zitapona. Hapo mpeleke kwao, na mzigo nitambebea mimi."

"Wewe dada yangu alikuambukiza."

"Aliniambukiza, ndiyo. Na Alhamisi chuo kizima kinakuja hapa kumsifu kwa ugonjwa huo huo."

Akaniambia tu kwamba safari ya Ratmi itangoja mpaka Jumatano, si zaidi, na akaenda kunawa mikono.

Tukaanza kazi. Tukazikanyaga soya kwa miguu kwenye beseni mpaka maganda yakaelea, tukachanganya chachu, tukafunga kwenye majani ya mgomba. Ratmi alifunga zake kwa kamba nyekundu ili zijulikane. Kila fundo alilirudia.

"Wifi, zikioza je?"

"Nitakuja kukutembelea kwenu nile kuku."

"Mimi sicheki, dada. Tiwi hajawahi kulala bila mimi."

"Hata mimi sicheki," nikamwambia, na nilikuwa nasema kweli.

Jumatano Shangazi Kasinah alifungua mwenyewe, hakutaka msaidizi. Alianza na kichanja kilichoachwa wazi. Zake zilikuwa nyeupe, ngumu, zinanukia uyoga mbichi. Akafungua ya kamba nyekundu: nyeupe. Akafungua nyingine ya kamba nyekundu, na nyingine. Kisha akatoa batiki kwenye kichanja cha pili, na harufu ikatupiga kabla macho hayajaona kitu. Za Ratmi zimeoza. Za Shangazi nazo zimeoza vile vile. Aliendelea kufungua hata baada ya kuonekana wazi kwamba kosa limeifuata nguo, halikumfuata mtu.

Ratmi alikaa chini pale pale akalia. Mimi nilitaka kupiga vigelegele, nikaanza na hotuba.

"Tempe inapumua, Shangazi. Profesa alikuwa akisema, ukiifunika sana inajipika yenyewe kwa joto lake..."

"Nyamaza, Minten."

Alikuwa ameketi juu ya gunia la soya, mikono imejaa ute mweusi.

"Mwaka ule baridi ilishuka kutoka mlimani," akasema. "Mama alikwenda msibani. Nikazionea huruma tempe, nikazifunika magunia, nikaziba na dirisha. Nilikuwa mtoto mdogo. Asubuhi zilikuwa hivi hivi."

"Ikawaje?"

"Mama akauliza nani yuko mwezini. Nikasema, dada."

"Alikuwa kweli?"

"Alikuwa. Sikusema uongo. Mama akasema ana mkono mbaya, akamtoa jikoni, akampeleka kwa mjomba. Alisema, huyu na asome tu, vitabu havivundi."

Maisha yetu yote tumeambiwa Profesa aliondoka kwa kupenda elimu, na Alhamisi yule bwana wa chuo alikuwa aje alisome hilo kwenye kipaza sauti.

"Kila Idi akija aliniomba. 'Kas, niingie nione tu.' Nikawa namwambia, kaa barazani dada, chai nakuletea. Mpaka amekufa, Minten. Dunia nzima inamwuliza yeye habari za tempe, mimi nikamzuia mlango wa jiko la mama yetu." Akaniangalia. "Alijua kwamba ni mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa na hasira naye, na huruma, vyote kwa pamoja, na hasira ikatangulia.

"Maisha yake yote alichunguza kinachoozesha tempe," nikasema. "Unadhani hakujua?"

Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama watoto wanavyolia. Ratmi ndiye aliyeinuka akamwosha mikono, mimi nilishindwa.

Alhamisi usiku wanaume walikaa kwenye mikeka, dua ikasomwa, na bwana wa chuo akasema aliyokuja kusema. Kisha sahani zikapita, tempe za kukaanga, nyembamba, zinalia mdomoni. Shangazi Kasinah, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno mbele ya wanaume, akatoka uani akasimama katikati ya mikeka.

"Hizo mnazokula," akasema, "nusu nimetengeneza mimi, nusu katengeneza mkwe wangu Ratmi akiwa katika siku zake. Zimechanganyika kwenye mafuta, hata mimi sijui tena zipi ni zipi. Anayeogopa aweke chini."

Taya zilisimama. Imamu Kaslan, aliyeongoza dua, alikuwa na kipande kizima kinywani, na nyumba nzima ikamwangalia yeye.

"Na dada yangu hakuwahi kuharibu tempe," akaongeza. "Zile niliziharibu mimi."

Imamu akatafuna. Alichukua muda wake, akameza, akanyoosha mkono kwenye sahani tena.

"Pilipili ipo?" akauliza.

Shangazi Kasinah akageuka kuelekea jikoni. "Ratmi, mwanangu," akaita, "lete pilipili."