Mwajiri Bora wa Kinampanda

Kama kuhudhuria semina kungekuwa kazi ya kuajiriwa, Mathayo wa Kinampanda angekuwa amekwisha kustaafu na kuagwa kwa hotuba. Hakuna mafunzo yaliyopita Iramba yakampita yeye. Ufugaji wa kuku wa kienyeji alihudhuria. Ufugaji wa nyuki alihudhuria, tena akarudia, kwa sababu mara ya kwanza chakula kilichelewa. Sabuni, uyoga, kukamua alizeti, namna ya kumpokea mteja, namna ya kuandika mchanganuo wa biashara: kote huko alikaa mstari wa mbele, akauliza swali la kwanza, na mwisho akasimama kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wenzake bila kutumwa na yeyote. Vyeti vyake vilijaa ukuta wa sebuleni mpaka picha ya harusi ikahamia chumbani.

Biashara yenyewe ndiyo haikuonekana. Tusimsingizie uvivu, maana mvivu haamki alfajiri kwenda Kiomboi kwa miguu kujifunza uyoga. Shida yake ni kwamba kila alipokaribia kuanza jambo, ilitangazwa semina nyingine, naye hakuona maana ya kuanza kabla hajamaliza kujifunza. Akitoka huko alipitia kijiweni kwa fundi baiskeli, akasimulia yote aliyofundishwa, kwa mikono na kwa kuchora chini, mpaka kijiwe kikafungwa. Hapo ndipo alipokwenda nyumbani, amechoka, akala na kulala.

Chakula hicho kilitoka kwa Yasinta, mkewe. Yeye ndiye aliyelima alizeti na viazi, ndiye aliyejua chumvi imebaki kiasi gani, na hakuwa na cheti hata kimoja, ukiacha cha ubatizo.

Basi siku moja mtendaji wa kijiji akaja na habari njema. Serikali imetoa mafunzo miaka mingi, alisema, sasa inataka kuona matunda. Timu ingekuja Alhamisi kutoka mkoani kumtembelea mhitimu wa mfano, na kwa kuwa jina la Mathayo limo katika kila mafunzo, hapakuwa na haja ya kupiga kura. Mathayo alishukuru, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi anaburuta miguu.

Yasinta alikuwa anapepeta. Aliweka ungo chini.

"Mathayo, wageni wakikuta uwanja huu mtupu, watakucheka wewe, kisha watanicheka mimi ninayekaa na wewe. Sitabaki hapa kuchekwa. Nitaomba lifti kwenye gari lao hilohilo, niende kwa kaka yangu kule Mandewa mjini nikapike chapati stendi."

Yasinta hakuwa mtu wa vitisho. Aliwahi kusema kwamba redio isipozimwa wakati wa kupalilia ataiuza, na jioni yake redio ikasikika inaimba nyumba ya nne. Mathayo aliogopa kweli. Unaweza kumsema utakavyo, lakini alimpenda mkewe, na nyumba bila Yasinta hakuweza hata kuifikiria. Alichukua kofia yake akaenda kuazima.

Sasa, kuazima Kinampanda kuna utaratibu wake. Jembe utapewa, sufuria utapewa, hata ng'ombe wa kulimia utapewa ukiongea vizuri. Ila kitu cha biashara, mwenyewe anakuja nacho. Si kwamba hakuamini. Anakuja ili kikipatwa na neno awe ameona kwa macho, mambo yaishe palepale, watu wasije wakanuniana kanisani. Mathayo alilijua hilo toka utotoni, lakini kwa haraka aliyokuwa nayo hakulikumbuka. Kila mlango alioomba aliitikiwa vizuri, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Alhamisi asubuhi wa kwanza kufika alikuwa Alute, mfuga nyuki, anasukuma baiskeli yenye mizinga ya kisasa na ndoo ya asali. Aliipanga mizinga chini ya mti, akakalia ndoo. Akafuata Loyce na katoni za sabuni ya miche, amevaa gauni la Pasaka, akaegemeza kiwiko juu ya katoni. Kisha Bibi Agripina, na nyuma yake ukoo wake wote, wana, wakwe na wajukuu wakubwa, kila mmoja na kuku wake kwapani. Kuku walikuwa wamefungwa vitambaa miguuni, vyekundu, vya kijani, vya kitenge, ili kila nyumba itambue wake. Majogoo, ambao hawakuwa wamepata kujuana, walianza kupigana kabla hata ya kushushwa.

Mathayo aliwasihi wasogee kidogo, wakae hata kwa jirani. Alute akamuuliza toka lini mtu akaiacha asali na kwenda zake. Wengine walitafuta vivuli wakakaa. Mpaka gari linasikika, uwanja ulikuwa umejaa kama kuna harusi, na Mathayo, ndani ya koti lake la harusi kwelikweli, alikuwa analowa jasho.

Mkuu wa msafara alikuwa mama mmoja mchangamfu aitwaye Kristina, ofisa maendeleo. Alimwamkia kwanza Bibi Agripina shikamoo, akapokewa kwa marahaba ndefu yenye kuulizwa habari za kwao wote. Pamoja naye alikuja mpiga picha, na kijana mpole wa sauti ya chini, Paschal, ofisa kazi, ambaye Mathayo hakumtilia maanani, na hilo lilikuwa kosa.

Ukaguzi ulianza. Bi Kristina aliuliza vitambaa vya kuku ni vya nini. Mathayo akasema ni makundi ya chanjo. Akauliza kwa nini majogoo wanatoana damu. Mathayo akasema ndivyo wanavyochagua mbegu bora. Kwenye mizinga akachungulia, akaona nta kavu na buibui, akauliza nyuki wako wapi.

"Wamekwenda kazini," alisema Mathayo.

Bi Kristina alicheka, akaonekana kuridhika, maana kweli ilikuwa saa za kazi. Ndipo alipogeuka akawatazama watu waliokaa kila kona, mmoja juu ya ndoo, mwingine juu ya katoni, wengine wameshika kuku miguu, wote wametolea macho bidhaa. Akamuuliza Mathayo kama amewaajiri watu wote hawa.

Mathayo alitaka kusema ni majirani. Lakini jirani anayekalia ndoo ya asali ya mtu mwingine anahitaji maelezo marefu, na maelezo hakuwa nayo. Akaitikia kwa kichwa, kidogo tu. Kichwa hicho kilitosha. Bi Kristina alimshika mkono, akatoa hotuba palepale: kwamba vijana wanalalamika ajira hakuna, na hapa Kinampanda mtu mmoja, kwa mafunzo ya serikali, amekuwa kiwanda, kwamba jina lake atalipeleka mkoani kama mwajiri bora. Picha zikapigwa. Alute alijisogeza mbele ya kamera akaomba aandikwe msimamizi. Loyce alinuna, kwa kuwa toka azaliwe hajafanya kazi kwa mtu. Mathayo akamtupia jicho Yasinta, aliyesimama mlango wa jiko, akaona hajacheka wala hajakunja uso. Alikuwa anangoja.

Hapo ndipo Paschal alipokohoa. Kwa upole uleule akampongeza Mathayo, akaomba aione mikataba ya wafanyakazi. Kisha michango yao ya hifadhi ya jamii. Na kwa kuwa mwajiri wa watu wengi namna hii anatakiwa kulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi, angependa kujua ameanza lini kuwaajiri, ili wapige hesabu ya nyuma.

Mathayo aliuliza tozo hiyo ni ya nini. Paschal akaeleza kwamba waajiri huchangia ili watu wapate mafunzo. Mathayo akakaa chini bila kutafuta kiti. Pilau zote alizokula Kiomboi zilimrudi kooni kwa pamoja.

Pengine angejitetea, lakini Alute alikuwa amesikia neno kulipa. Akauliza, kama kuna hesabu ya nyuma, mbona yeye msimamizi hajalipwa hata siku moja. Mkwe mmoja wa Bibi Agripina akasema hata wao wanadai. Bibi mwenyewe, aliyefahamu nusu ya mambo, akasema kwa umri wake yeye aandikiwe kiinua mgongo kabisa. Paschal alitoa kalamu. Uwanja mzima ulikuwa unamdai Mathayo kazi ambayo haikuwahi kufanyika.

Mathayo alisimama, akavua kofia.

"Mama, naomba niseme ukweli, hata kama ni wa kunivua nguo. Hapa hakuna mfanyakazi. Kuku ni wa Bibi Agripina na wanawe. Asali na mizinga ni ya Alute. Sabuni ni ya Loyce. Wamekuja kulinda mali zao. Mimi nina vyeti."

Bi Kristina alisogea karibu. Akamuuliza taratibu, katika uwanja wote huu kilicho chake ni kipi.

"Mke wangu."

"Mimi usinitaje kwanza," alisema Yasinta kutoka mlangoni.

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuumiza Mathayo kuliko tozo, kwa sababu ndicho alichoahidiwa, na aliyekiahidi hakuwa anacheka.

Bi Kristina hakucheka pia. Kuna jambo lilikuwa linamsumbua. Aliwageukia wenye mali akawauliza wao walifundishwa wapi, maana mizinga ile imepangwa kitaalamu na sabuni ile imekatwa vizuri, na wahitimu wa kijiji hiki anawajua, ni Mathayo peke yake. Alute alijikuna kichwa. Akasema nafasi ya semina hajawahi kupata, kila mara alikuta imechukuliwa na huyuhuyu. Ila jioni Mathayo akirudi alikuwa anaeleza pale kwa fundi baiskeli, na yeye Alute akienda kujaza upepo alisikia. Loyce akasema sabuni naye aliisikia hapohapo, na ya kwanza ilimbabua mikono, kwa sababu Mathayo alisahau kutaja kipimo cha kostiki. Alimfuata akamgombeza, naye akakumbuka. Bibi Agripina akasema miaka yote kuku wake walikuwa wanakwisha kwa mdondo, mpaka Mathayo alipomwelekeza dawa ya kudondoshea machoni, akaja na kumshikia wale wakorofi. Alisema hayo kwa aibu, kama mtu anayerudisha kitu alichokaa nacho muda mrefu.

Bi Kristina alicheka sasa, mpaka akaketi juu ya mzinga wa Alute bila ruhusa. Alisema jina la Mathayo litafutwa kwenye mafunzo yote, asionekane tena ukumbini kula. Akitaka kurudi, arudi kufundisha. Paschal akarudisha kalamu mfukoni, kwa masikitiko kidogo. Asali ikanunuliwa, sabuni ikanunuliwa, jogoo mmoja akaingizwa garini anatoka damu.

Mathayo akajiona amepona. Kifua kilimjaa, akageuka kumtafuta mkewe, ayaone yeye aliyekuwa anadharau semina. Akamkuta Yasinta amesimama kwenye mlango wa gari, kitenge kipya kiunoni, anamuuliza dereva kama kuna nafasi. Dereva akasema ipo.

Mathayo akakimbia. Akamwambia mbona mambo yamekwisha vizuri, mbona hakuna aliyechekwa tena.

"Alute ulimwambia," alisema Yasinta. "Loyce ulimwambia, na alipoungua ukamwambia tena. Bibi Agripina ulikwenda hata kumshikia kuku. Mwaka jana kuku wangu wote wamekufa humu ndani, nimewazika mwenyewe nyuma ya choo, na wewe umelala hapo unajua dawa."

Hakupaza sauti. Hata Alute aliangalia pembeni.

 Mathayo, aliyekuwa na swali la kwanza na neno la shukrani kila mahali, safari hii aliushika tu mlango wa gari. Aliona aibu ambayo Paschal na tozo zake wasingeweza kumpa. Alikumbuka manyoya kwenye jembe siku ile, na jinsi alivyogeukia ukutani akavuta shuka. Mwisho ukatoka ukweli ambao hata yeye hakuwahi kujisemea.

"Wale nikiwaambia, wanakwenda kufanya kwao. Wewe ningekuambia, ungesema tuanze."

"Ningesema."

"Najua."

Yasinta alikaza kitenge kiunoni. Dereva akapiga honi kidogo, akauliza kama mama anapanda. Yasinta akasema asante, waende salama, akaufunga mlango wa gari kwa nje.

Vumbi lilipotulia, alileta sururu, akamwonyesha Mathayo mahali karibu na jiko, akasema banda la kuku litakaa pale. Mathayo akaangalia mahali hapo, akaangalia jua, akaanza kueleza kwamba kitaalamu upana wa banda unatakiwa kuelekea upande ambao upepo...

"Eleza huku unachimba," alisema Yasinta.

Akavua koti. Wenye mali walikuwa wamekwisha kukusanya vitu vyao, na hapakuwa na cha kulinda tena, lakini hakuna aliyeondoka. Walirudi vivulini wakakaa kumtazama Mathayo akichimba. Shimo la pili lilipoanza kumpa malengelenge alisimama, akaegemea sururu, akawageukia ili awaeleze jambo kuhusu nguzo. Wote kwa pamoja, hata Bibi Agripina, wakamwambia achimbe.